Ufuate seti iliyojirudia, uvizie namba iliyochelewa, au uiachie mashine? Njia nne za kuchagua namba za bahati nasibu

Kila ikitokea seti ile ile ya namba imetoka mara mbili kwenye bahati nasibu fulani duniani, habari inasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na nyuma yake anafuata mtu wa "namba za uhakika" mwenye namba ya kumtumia hela. Hoja yake ni kwamba kama seti imejirudia, basi mashine ina mtindo, na aliyeushika mtindo hawezi kuliwa.

Matokeo ya nyuma yana faida yake, ila siyo hiyo. Hayakuambii mipira itafanya nini droo ijayo. Yanakuonyesha wachezaji wenzako wanapenda kuchagua nini, na jambo hilo linagusa mfuko wako siku ukibahatika, kwa kuwa kwenye michezo mingi zawadi kubwa hugawanywa kwa wote waliopatia. Nitazipima njia nne kwa jicho hilo: kufuata kinachojirudia, kuvizia kilichochelewa, kuiachia mashine, na kukimbia namba za wengi.

Kufuata kinachojirudia

Kesi inayotajwa sana ni ya Bulgaria. Tarehe 6 Septemba 2009, mchezo wa taifa wa kuchagua namba 6 kati ya 42 ulitoa 4, 15, 23, 24, 35 na 42. Siku nne baadaye, tarehe 10, zikatoka zilezile sita, kwa mpangilio tofauti, mubashara kwenye televisheni. Nchi nzima ikahisi wizi. Waziri wa michezo, Svilen Neykov, akaagiza uchunguzi, na haukupatikana mchezo mchafu.

Wengi husimulia hadi hapo. Mimi navutiwa zaidi na orodha ya washindi. Droo ya tarehe 6 hakuna hata mmoja aliyepatia zote sita. Droo ya tarehe 10 wakapatia watu 18. Seti ambayo juzi haikuwa na mwenyewe haipati wenyewe 18 ndani ya siku nne hivihivi. Kuna watu wana mazoea ya kucheza matokeo ya droo iliyopita, na siku hiyo mazoea yao yaliangukia mahali pake. Kila mmoja akaondoka na leva 10,164. Angekuwa mmoja peke yake, angezoa karibu leva 183,000.

Utasema: si walishinda lakini? Walishinda. Ila wachezaji wa namna hiyo wapo kila wiki, kila nchi yenye bahati nasibu, na wale wa wiki nyingine zote wameliwa bila gazeti lolote kuwaandika.

Ujerumani ina mfano unaofanana na huo. Juni 1977, namba zilizotoka zilikuwa zilezile za Uholanzi za wiki iliyotangulia. Washindi wakawa 205, kwa sababu kulikuwa na Wajerumani waliokuwa wakinakili matokeo ya jirani. Kila mmoja alipata maki 30,737 na senti kidogo. Hela nzuri kwa wakati ule, lakini siyo ya kubadilisha maisha, na ndiyo iliyokuwa zawadi ya juu kabisa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Tarehe 21 Juni 1995, Ujerumani tena, mchezo wa 6 kati ya 49 ulitoa 15, 25, 27, 30, 42 na 48. Seti hiyohiyo ilikuwa imeshatoka tarehe 20 Desemba 1986. Ukisikia kwamba seti zinazowezekana ni 13,983,816 na droo zilizokuwa zimefanyika ni 3,016 tu, unaona kama muujiza. Haukuwa muujiza. Anayeuliza "je, kuna seti yoyote iliyojirudia?" halinganishi droo moja na nyingine moja, analinganisha kila droo na droo nyingine zote. Droo 3,016 zina jozi 4,546,620, na kila jozi ni nafasi moja ya kufanana. Ukipiga hesabu, uwezekano wa kuona marudio hadi kufika hapo ulikuwa kama asilimia 28. Ni hesabu ileile inayosema kwamba kwenye chumba chenye watu 23, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu.

Angalia marudio yanavyosogea karibu kadiri mchezo unavyokuwa mdogo:

| Mchezo | Seti zinazowezekana | Droo za kufikia uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuona marudio |
|---|---|---|
| Tarakimu tatu, 000 hadi 999 | 1,000 | 38 |
| Namba 5 kati ya 39 | 575,757 | karibu 900 |
| Namba 6 kati ya 42 | 5,245,786 | karibu 2,700 |
| Namba 6 kati ya 49 | 13,983,816 | karibu 4,400 |

Mstari wa kwanza unatuhusu moja kwa moja. Mchezo wa Tatu Mzuka ulipoanza Tanzania mwaka 2017, mchezaji alikuwa anachagua tarakimu tatu kwa simu. Mchezo wa aina hiyo ukiwa na droo kila saa, kabla siku ya pili haijaisha uwezekano wa tarakimu zilezile kutoka tena kwa mpangilio uleule umeshavuka nusu. Mtu anayekutumia picha ya matokeo akikuambia "ona, 417 imerudi" hajagundua kitu. Ingekuwa ajabu kama kwa wiki nzima hakuna iliyorudi.

Mstari wa pili nao ulishatokea Marekani. Mchezo wa Cash 5 wa jimbo la North Carolina ulitoa 4, 21, 23, 34 na 39 tarehe 9 Julai 2007, kisha ukazitoa tena tarehe 11 Julai.

Kosa linafanyika pale mtu anaporuka kutoka "kuna seti itajirudia" kwenda "seti hii itajirudia". Ni vitu viwili mbali kabisa. Ukishaishika seti moja mkononi, zile jozi milioni nne na ushee zinapotea zote. Unabaki na nafasi yako moja kati ya 13,983,816, sawasawa na ya jirani yako aliyecheza seti ambayo haijawahi kutoka.

Hivyohivyo kwa namba mojamoja. Kwenye mchezo wa 6 kati ya 49, zaidi ya nusu ya droo, kama asilimia 56, zitakuwa na walau namba moja iliyotoka droo iliyotangulia. Tena chukua droo 1,000 za mashine isiyo na kasoro yoyote: kwa wastani kila namba itatoka mara 122, lakini usishangae ya juu ikifika 145 hivi na ya chini ikabaki kwenye 100. Ukiichora ile orodha kwa rangi, nyekundu kwa zinazotoka sana na buluu kwa zilizolala, inapendeza na inashawishi. Tofauti yote hiyo imezaliwa na bahati, na droo 1,000 zijazo huenda nyekundu zikawa nyingine kabisa.

Kuna hali moja ambapo marudio yanasema kitu cha kweli: droo ikiwa imechezewa. Tarehe 24 Aprili 1980, droo ya tarakimu tatu ya jimbo la Pennsylvania ilitoa 666. Mtangazaji wake, Nick Perry, na wenzake walikuwa wamedunga rangi ndani ya mipira yote isipokuwa ya 4 na ya 6, ili mingine iwe mizito isipande. Hapo kulikuwa na mtindo haswa, na wao ndio waliokuwa na tiketi zake. Kilichowafichua ni wingi wa watu waliozicheza tarakimu hizohizo za 4 na 6.

Kesi ya pili ni ya Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kompyuta kwenye chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi ya Marekani. Aliingiza kwenye programu ya kuchagua namba maelekezo yaliyofanya matokeo ya siku chache maalumu za mwaka yaweze kukisiwa. Alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha hadi miaka 25. Ukizisoma kesi hizi mbili unaona kwamba mtindo ukiwepo, umetengenezwa na mtu wa ndani, kwa ajili yake na watu wake. Wewe wa nje ukiuona, umeuona mezani kwa wapelelezi.

Kuvizia iliyochelewa

Hii ni kinyume cha ya kwanza, na mara nyingi ni mtu yuleyule anayeziuza zote mbili. Wiki hii anakwambia ufuate namba iliyochangamka, wiki ijayo anakwambia uvizie iliyolala kwa sababu "sasa imefika zamu yake".

Kwenye 6 kati ya 49, kila namba ina nafasi ya asilimia 12 na kidogo ya kutoka kwenye droo yoyote, iwe imetoka jana au imepotea miezi mitatu. Tena kupotea kwenyewe ni kwa kawaida sana. Uwezekano wa namba fulani kukosekana droo 30 mfululizo ni kama asilimia 2. Kwa kuwa namba ziko 49, tegemea kwamba wakati wowote ukichungulia kutakuwa na moja hivi iliyo katika hali hiyo. Mtabiri hatakosa namba "iliyochelewa" ya kukuuzia mpaka mwisho wa dunia.

Madhara ya njia hii Waitalia wanayajua. Bahati nasibu yao ya Lotto ina magurudumu ya miji mbalimbali, na kila gurudumu hutoa namba 5 kati ya 90. Namba 53 ya gurudumu la Venezia ilitoka Mei 2003, halafu ikapotea. Mwaka ukapita. Watu wakaanza kuiwekea hela, na kila ilipokosekana wakaongeza dau ili wafidie ya nyuma. Kufikia mwanzoni mwa 2005, euro zaidi ya bilioni 3 zilikuwa zimeshawekwa juu ya namba hiyo moja. Familia zilifilisika, na magazeti yaliripoti hadi vifo vya watu waliojiua kwa madeni. Ikatoka tarehe 9 Februari 2005, baada ya kukosekana kwenye droo 182, na waliokuwa bado wana hela ya kuicheza siku hiyo walilipwa.

Hicho ndicho kinachoifanya njia ya pili iwe ya hatari kuliko zote kwa mwenye moyo wa kukomaa. Anayefuata seti iliyojirudia kwa kawaida anaweka tiketi moja, anakosa, anasahau. Anayevizia iliyochelewa anazidi kuamini kila anapokosa: kukosa kwa leo kwake ni ushahidi kwamba kesho imekaribia. Kama unajijua wewe ni mtu wa kufukuzia hela iliyopotea, ikwepe kabisa hata kwa mzaha.

Kuiachia mashine

Haina mengi. Mashine au simu inakuchagulia namba, nafasi yako ya kushinda inabaki ileile, na seti utakayopewa haina sababu ya kufanana na ya mtu mwingine. Wanaoichukia husema haina "hisia". Ni kweli haina, ndiyo sifa yake. Mashine haina siku ya kuzaliwa wala haikuota ndoto.

Kukimbia namba za wengi

Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza Novemba 1994. Tarehe 14 Januari 1995, wiki chache tu tangu ianze, zikatoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Ukizitazama hivi ni namba za kawaida kabisa. Washindi wa zawadi kuu wakawa 133. Zaidi ya pauni milioni 16 zikakatwa vipande vya pauni 122,510 kila mmoja. Waliochunguza waligundua kwamba kwenye karatasi ya kuchezea namba hizo zilikaa kwenye safu za katikati, zimetawanyika vizuri, mahali ambapo mkono wa mtu anayejitahidi kuchagua "ovyoovyo" unapenda kwenda. Mtu akijaribu kubahatisha kwa akili yake, anajikuta anabahatisha kama wenzake.

Tarehe 23 Machi 2016 ikaja nyingine hukohuko: 7, 14, 21, 35, 41 na 42. Tano kati ya hizo ni za jedwali la saba. Watu 4,082 walipatia namba tano, wakalipwa pauni 15 kila mmoja. Waliopatia nne tu walipata pauni 51, na waliopatia tatu walipata 25. Hebu fikiria umepatia tano kati ya sita halafu aliyepatia tatu anakuzidi.

Afrika Kusini nao, tarehe 1 Desemba 2020, mchezo wa Powerball ulitoa 5, 6, 7, 8 na 9, na mpira wa ziada ukawa 10. Kelele za wizi zikapigwa kila kona. Nafasi ya seti hiyo ilikuwa moja kati ya 42,375,200, ambayo ndiyo nafasi ya seti nyingine yoyote ile ya mchezo huo. Tofauti ni kwamba iligonga watu 20, kila mmoja akachukua karibu randi milioni 5.7. Kwa seti isiyopendwa na watu, mmoja angeondoka na milioni 114.

Hapa sasa ndipo matokeo ya nyuma yanapokuwa na kazi. Idadi ya washindi wa kila droo inakuonyesha watu wanapenda nini: tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo 1 hadi 31, na hasa 1 hadi 12, namba 7 na ndugu zake, mistari na misalaba kwenye karatasi, mfululizo kama 1-2-3-4-5-6, ambao kila anayeucheza anadhani ni yeye peke yake mwenye kichwa, na, kama Bulgaria na Ujerumani zilivyoonyesha, seti iliyotoka juzi. Usizicheze hizo. Hautaongeza nafasi ya kushinda hata kwa unywele, ila utapunguza watu wa kugawana nao.

Uchague ipi?

Mimi ningezipanga hivi. Kwenye mchezo wa zawadi ya kugawana, ya kwanza ni kukimbia namba za wengi, mashine inafuata kwa karibu sana, na kwa mtu asiyetaka kuumiza kichwa mashine inatosha. Kuvizia iliyochelewa na kufuata iliyojirudia zote ziko mkiani, kila moja kwa ubaya wake: hii inakukosesha hela hata ukishinda, ile inakufanya uongeze dau wakati unapoteza. Kama mchezo ni wa malipo yasiyobadilika, kwamba tarakimu tatu zikitoka unalipwa mara kadhaa ya dau lako hata mkiwa mia, hapo namba za wengi hazina madhara na njia zote nne zinalingana. Kinachobaki cha kuangalia ni dau, na kama mwendeshaji ana leseni. Kwa Tanzania wanaoitoa ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kuna waliowahi kuishinda bahati nasibu kwa hesabu, lakini hawakutabiri. Stefan Mandel, mzaliwa wa Rumania, aliiangalia bahati nasibu ya Virginia mwaka 1992 akaona seti zote zinazowezekana ni 7,059,052, tiketi ni dola moja, na zawadi kuu imepanda hadi dola milioni 27. Kundi lake likaanza kuzinunua seti zote. Muda uliisha wakiwa wamenunua kama milioni 5, na yenye ushindi ikawa mojawapo ya hizo. Hesabu yake ilikuwa ya bei ya tiketi dhidi ya ukubwa wa zawadi. Kwa mtu wa tiketi moja au mbili, hesabu hiyohiyo inatoa jibu baya: Uingereza ya miaka ile, kwa kila pauni iliyoingia, senti 45 tu zilirudi kuwa zawadi.

Kama umeshaamua kucheza na hutaki kutumia mashine, andika namba zote za mchezo kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye bakuli, vuruga, chomoa idadi inayotakiwa bila kuangalia. Zikitoka zote chini ya 31, au zikajipanga mstari kwenye karatasi ya kuchezea, zirudishe uchomoe upya. Seti uliyoipata ukienda nayo wiki zote au ukaibadilisha kila wiki, ni mamoja.